Mkebe wa Damu Changa: Sehemu ya Tano

Mkono wa Lorine umekaa ndani ya mkebe wiki nzima na bado haujatoka.

Tuliuacha humo saa kumi na mbili asubuhi, chumbani kwake pale Sindo, ufukoni mwa ziwa, vidole vikiwa vyeupe kwa unga, na mumewe Nashon amesimama mlangoni ameshika kijiko. Wengine mmeniandikia mkimtetea Nashon. Mnasema mwanamume ana haki na mkebe wake. Nimewasoma wote. Kaeni vizuri.

"Nyar Kosele," Nashon alisema. Humwita hivyo, binti wa Kosele, siku anazotaka kumkumbusha kwamba alikotoka barabara ya kurudi ipo. "Umeanza lini kuniibia?"

"Sijaiba, nanusa. Wewe umemeza wiki tano bila kunusa."

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia samaki, nitakuokoa kwa maneno machache. Nashon ana miaka hamsini na mitatu. Thelathini kati ya hiyo amevuta nyavu. Mwezi wa pili vijana wa mtumbwi wake walipakia nyavu, wakasukuma, wakamwacha ufukoni na thermos ya chai. Hawakumtukana. Walimwambia tu, mzee pumzika. Afadhali wangemtukana.

Wiki ileile akatokea Cliff kutoka Migori mjini, koti jeupe, viatu vya kung'aa, gari limejaa mikebe. Akawaambia wazee wa ufukoni kwamba ukipita thelathini, homoni ya ukuaji hulala mwilini, na ikilala, misuli nayo hulala. Dawa ni amino asidi: kijiko kimoja, tumbo tupu, kabla ya kulala. Hakuna sindano. Mwili wenyewe utaanza tena kutengeneza homoni kama wa kijana wa miaka kumi na minane. Kisha Cliff hulamba kijiko mbele yao, wa kwanza, akipiga kifua. Hufanya hivyo kila mkutano, kila mkebe mpya. Nani atamkataa mtu anayekula anachouza?

Mkebe umeandikwa DAMU CHANGA kwa herufi nyekundu.

Sasa Lorine. Huyu mama huchanganya chakula cha kuku, na ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Dagaa wa kusaga tunaowaita omena, mahindi, mashudu ya alizeti, maganda ya konokono, na mwisho vijiko vya unga wa aina mbili, laisini na methionini, ili kuku washike nyama. Zote mbili ni amino asidi. Methionini inanuka kama sukumawiki iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni siku mbili. Lorine anaijua harufu hiyo kuliko manukato yake ya kanisani.

"Baba Liz," alisema, akitoa mkono hatimaye, "hii ni ya kuku."

Nashon alicheka. Akasema kama ni ya kuku, basi kuku wana bahati, kwa sababu mkono wake umenenepa. Akachomoa mfukoni kipande cha uzi. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akizungusha uzi ule kwenye mkono wake wa kulia, na wiki tano zilizopita ncha zake zilikutana. Sasa hazikufikiana. Akamwonyesha. Kweli, uzi ulikataa kukutana.

Lorine aliushika, akauvuta, akautazama dirishani.

"Huu ni wa nani?"

Ulikuwa wa marehemu baba yake Nashon, uzi wa pamba wa nyavu za zamani. Siku hizi kila mtu anatumia nailoni. Nashon aliuchagua kwa heshima. Na kwa kuwa alishinda ufukoni akiwasaidia watu kuanika omena, uzi ulilowa, ukakauka, ukalowa tena.

"Pamba ikilowa inarudi," Lorine alisema polepole. "Umevua miaka thelathini na hujui uzi unarudi? Mkono haujanenepa. Uzi ndio umepungua."

Nashon aliuchukua uzi, akaurudisha mfukoni. Nadhani alijua. Kuna mambo mtu anayajua kwa vidole lakini hayaruhusu yapande kichwani.

Lorine hakungoja. Alimshika mkanda wa suruali, akamwonyesha tundu ambalo Nashon alilitoboa mwenyewe kwa msumari, la tatu tangu mkebe uingie nyumbani. Akamuuliza mtu anayekua hupungua kiuno vipi. Kisha akainama chini ya kitanda kutafuta viatu vyake aondoke, akagusa buti za mvua za Nashon, akasikia kitu kikichakarika ndani.

Akazipindua. Zikadondoka pakiti za vidonge vya Nashon vya ugonjwa wa sukari. Zimejaa. Hakuna kidonge hata kimoja kilichotolewa.

Msomaji, nimeona wanawake wakikasirika. Nimewahi kupigwa kwa ndoo mimi mwenyewe, tena kwa haki. Lakini hasira ya Lorine asubuhi ile haikupiga kelele. Aliokota pakiti moja moja, akazipanga kitandani kama karata, akauliza swali moja.

"Nani alikuambia uache?"

Nashon akasema Cliff alieleza vizuri tu. Vidonge vya hospitali hugombana na homoni. Mtu achague, ujana au vidonge.

"Na wewe ukachagua buti."

* * *

Saa mbili walikuwa kwenye zahanati. Nashon alikwenda kwa sababu Lorine alimtangulia akiwa na mkebe kichwani, na hakutaka watu wa soko wausome.

Muuguzi Risper alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akatoboa kingine. Sukari ishirini na sita, wakati ya mtu mzima haifiki kumi. Akaandika bila kusema neno, na mnajua muuguzi akiandika bila kusema neno maana yake nini.

Nashon ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu aliyehudhuria mikutano. Alieleza kuhusu homoni ya ukuaji. Alieleza kuhusu tumbo tupu. Risper alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mdomoni.

"Mzee, hiyo homoni unayo," alisema. "Kila mtu mzima anayo. Inapungua na miaka, lakini haijaisha. Inatoka zaidi ukilala usingizi mzito, na ukifanya kazi nzito. Sasa niambie, usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

Nashon alitazama mabati.

"Mara sita," Lorine alimjibia.

"Basi kila inapotaka kutoka, wewe uko chooni. Ni sukari inayokuamsha. Umeacha dawa ambayo ingekupa usingizi, ukameza unga wa kukuletea kinachokuja na usingizi."

Akaendelea, na hapa sauti yake ilianza kupanda. Ni kweli, alisema, hospitali kubwa hupitisha amino asidi moja kwenye mshipa wa mgonjwa ili kupima kama tezi ya kichwani bado inaitoa homoni ile. Hicho ni kipimo cha saa chache, daktari akiwa kando, wala si tiba ya uzee. Unga wa kijiko ukifika tumboni huwa chakula kama maharagwe. Hata ungeiamsha homoni kidogo, hakuna aliyeonyesha kwamba mzee amerudishiwa misuli yake kwa njia hiyo. Na kwa mwenye kisukari, homoni hiyo ikizidi hupandisha sukari. "Omena unayoianika ina amino asidi hizohizo," alimaliza. "Tofauti ni kwamba omena haikukatazi kumeza dawa."

Risper ana umri wa binti yake Nashon. Ameyasema hayo mbele ya mkewe, mlango wazi, foleni nje ikisikiliza. Nashon alisimama, akasema ameshiba masomo, akatoka. Aliacha hata kofia. Vidonge vyake vilibaki mkononi mwa Lorine.

Lorine alitaka kumkimbilia. Risper akamzuia kwa sababu alikuwa amemwaga unga kidogo kwenye karatasi, na kulikuwa na kitu ndani yake. Vijipande vya kijani, vidogo kama majani ya chai.

Lorine aliweka kimoja ulimini. Uchungu ukampanda hadi masikioni.

Mwarobaini. Mkavu, uliosuguliwa kwa viganja. Sindo nzima, na nakuapia mpaka Homa Bay, kuna mtu mmoja tu anayetia mwarobaini kwenye kila gunia ili wadudu wasiingie. Mtu huyo alikuwa ameinamia karatasi ile, uchungu bado mdomoni.

Unga ulitoka dukani kwake.

* * *

Anayemnunulia laisini na methionini kwa wingi ni mmoja tu: Gisiri wa Ntimaru, Mkuria mpole, mwenye salamu ndefu, aliyesema ana nguruwe mia mbili. Lorine aliwahi kumuuliza majina ya nguruwe wake kwa utani, na Gisiri akacheka sana. Sasa Lorine alielewa kwa nini alicheka.

Akafungua ghala ili apige simu akiwa peke yake. Alitazama magunia, akasahau simu.

Gunia la laisini lilikuwa limejaa, kamba yake haijaguswa.

Gunia lililopungua ni lile la karibu na mlango. Ameliandika kwa kalamu nene: VIFARANGA. Ndani yake kuna unga uleule wa amino, lakini tayari umetiwa dawa ya kuhara damu ya vifaranga, na ni mkali, kwani kijiko kimoja hutosha ndoo nzima ya chakula. Kuku huivumilia dawa hiyo. Punda haivumilii kabisa. Mwaka jana punda wa Mayaka, yule mchuuzi wa maji, alivunja mlango wa ghala asubuhi akala chakula cha vifaranga kilichokwisha kuchanganywa, yaani chenye dawa kidogo tu. Alianza kutokwa jasho, miguu ikalegea. Jua lilipozama hakusimama tena. Daktari wa mifugo alisema dawa ile hukamata moyo, na mtu naye asithubutu.

Lorine hakuwahi kumuuzia Gisiri gunia hilo. Lakini siku ya Jumanne, Gisiri alipokuja kuchukua mzigo, yeye hakuwepo dukani. Jumanne alikuwa Kosele kwenye matanga ya shangazi yake, na Jumatatu, kabla ya kuondoka, aliyahamisha magunia kwa sababu bati lilikuwa linavuja. La laisini, ambalo hukaa mlangoni siku zote, alilisukuma ndani.

Jumanne dukani alikaa nani?

Ngojeni. Kwanza simu.

Gisiri alipokea akiwa na salamu zake ndefu. Lorine alizikata katikati, akamuuliza nguruwe wanaendeleaje.

Salamu zikamwisha Gisiri.

"Dada yangu," Gisiri alisema mwishowe, "mimi sina nguruwe hata mmoja."

Alikuwa anabeba tu. Anachukua Sindo, anashusha Migori kwenye chumba cha Cliff, wasichana wawili wanajaza mikebe. Hakuona ubaya, alisema, maana aliambiwa ni chakula. Mzigo wa Jumanne? Huo umefungwa jana. Mikebe yake iko Sindo leo, Cliff amekuja nayo, wazee wote watalamba pamoja saa sita kamili ukumbini.

Lorine alimwambia Gisiri neno moja la Kikuria alilofundishwa sokoni. Mhariri hataki niliandike.

* * *

Ukumbi wa wavuvi ulikuwa umejaa. Wazee arobaini hivi, kila mmoja na kijiko alichotoka nacho kwake, wengine vya chai, mmoja mwiko. Mezani mikebe ilipangwa kama mnara, na kando ya mikebe Cliff alikuwa ameweka funguo za gari lake, zenye kibandiko kikubwa, ili zionekane.

Lorine aliingia na kwenda moja kwa moja mbele. Alisema wasilambe. Alisema unga huo ni wake, ni wa vifaranga, una dawa.

Cliff hakushtuka. Alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mathe," alisema, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama, akiwatazama wazee na si yeye, "ukisema ni sumu, basi aliyeuza sumu ni wewe. Mimi nilinunua chakula."

Ukumbi ukanguruma. Mmoja akasema wanawake wengine hawapendi waume zao wapate nguvu. Mwingine akauliza kwa nini hakusema wiki tano zilizopita, wakati biashara ilikuwa tamu. Vijiko vilianza kusogea kwenye mikebe.

Hapo ndipo hasira yake ilipopata sauti.

"Mayaka," aliita. "Punda wako alikufa kwa nini?"

Mayaka alikuwa safu ya tatu, mkebe mapajani. Alikuwa amekaa miezi mitatu bila kumsalimia Lorine kwa ajili ya punda yule, na kila mtu alijua.

"Kwa chakula chako cha vifaranga," alijibu, akitafuna maneno.

"Kilikuwa na dawa kidogo. Humo mna dawa tupu. Lamba basi."

Mayaka alitazama mkebe. Akatazama kijiko. Akakirudisha mfukoni, akaufunga mkebe kwa mikono miwili, akauweka sakafuni mbali na miguu yake kama anayeweka kitu kinachouma. Wa kando yake akafanya vivyo hivyo. Safu nzima ikafuata, kisha ya nyuma yake.

Cliff aliona wanaponyoka. Akapaza sauti kwa mara ya kwanza. Akasema huyu mama anabuni, maana mchanganyaji wa miaka kumi na sita hawezi kukosea gunia. Kama gunia lilikosewa, alipima nani? Ajitokeze. Kama hajitokezi, basi hakuna gunia.

Lorine alijua jibu, na hakulisema. Wiki tano mume wake amedanganywa, amedhihakiwa na vijana, asubuhi amesemwa zahanati. Asingemmalizia yeye mbele ya wazee wenzake.

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma, mlangoni. Nashon, bila kofia.

Alitembea katikati ya viti akishika migongo ya viti. Akasema siku ya Jumanne yeye ndiye aliyekaa dukani. Mkuria akaja akataka unga wa kawaida, naye akachota gunia la mlangoni kwa sababu laisini hukaa mlangoni. Maandishi hakuyaona. Tangu aache vidonge macho yake yamejaa ukungu, herufi zinaogelea, na aliona haya kusema. "Nilipima kwa mkono wangu," alisema. "Kama kuna mtu wa kulaumiwa, nipo hapa."

Sijui kama mmewahi kumwona mwanamume mwenye kiburi akikivua hadharani. Hakuna anayecheka.

Lorine alimsogelea ili amshike mkono wamalize yote nyumbani. Nashon hakutoa mkono. Alikuwa ameuweka kifuani.

"Kuna lingine," alisema kwa sauti ya chini, ya kwake na mkewe tu. "Nilipotoka zahanati nilikuwa na hasira. Nilikwenda kwenye gari la Cliff. Akanifungulia mkebe mpya. Nimelamba vijiko vitatu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika ishirini.

Lorine hakulia wala hakumtukana, na ninakuambia matusi alikuwa nayo ya kutosha kata nzima. Aligeuka, akazichukua funguo mezani kabla Cliff hajazifikia. Alimpigia Risper akiwa anatembea. Risper akasema wasimtapishe, wasingoje gari la wagonjwa, wamkimbize hospitali ya Homa Bay na mkebe wawe nao, naye atapiga simu mbele.

Gari lilikuwa moja tu pale nje, na dereva wake alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlango wa jikoni. Wazee wawili walisimama mlango huo. Mmoja ndiye yule mwenye mwiko.

"Wewe ndiye utakayeendesha," Lorine alimwambia Cliff, akimwekea funguo kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Nitakaa nyuma yako na mkebe. Ukienda polepole nitakulisha."

* * *

Cliff hakwenda polepole. Sindo ilibaki nyuma. Nashon alilala kichwa kikiwa mapajani pa Lorine, akisema yuko sawa, akisema tena, kisha akaacha kusema. Lorine alimhesabia pumzi. Hasira ilikuwa imebaki kifuani kama jiwe la moto, na aliishikilia, kwa sababu akiiachia hakuna kingine cha kumshika.

Nusu ya safari, pale barabara inapoanza kushuka kwa kona, gari lilipunguza mwendo.

"Kanyaga," Lorine alisema.

Halikuongeza.

"Mathe," Cliff aliita bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imepoteza mkutano wote. "Yule punda. Alianza na nini?"

"Jasho."

Madirisha yote yalikuwa wazi na upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia. Mbele yake, koti jeupe la Cliff lilikuwa limelowa tangu shingoni hadi kwenye mkanda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeachia usukani.

Ndipo Lorine alipokumbuka kwamba Cliff hawezi kumfungulia mtu mkebe mpya bila kulamba yeye kwanza.